Maabara pekee haikupeleki udaktari

Mhariri,

Wazazi wengi huamini kijana aliyefanya kazi maabara ameshapata nafasi ya kusomea udaktari. Hapa Tanzania kinachotazamwa kwanza ni alama za Fizikia, Kemia na Biolojia. Barua ya maabara haizibi pengo la alama.

Kwa wanaoomba Marekani, maabara husaidia. Fomu ya AMCAS, yaani mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya udaktari huko, ina nafasi 15 za shughuli, kila moja herufi 700 pamoja na nafasi tupu. Shughuli tatu muhimu zaidi huongezewa herufi 1,325. Wengi hupoteza herufi hizo kwa kuorodhesha mashine za maabara! Eleza swali la utafiti, ulichofanya mwenyewe, jaribio lililoharibika na sababu yake. Na usipokuwa na saa za kukaa na wagonjwa, utaulizwa kwa nini usibaki mtafiti.

Mshauri wa wanafunzi,
Dar es Salaam