Barua kwa mwanangu mwalimu

Nzega

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, mama? Huku tu wazima, kifua cha bibi yako kimepungua, anakusalimu sana. Tangu uliponieleza kwa simu habari za yule binti wa kidato cha tatu aliyejifungua, silali vizuri. Ulisema mtoto ana miezi minane na kwao wanasema shule basi. Salio likaisha kabla sijakujibu.

Unajua niliishia kidato cha pili, ila sikuwahi kukusimulia ilivyokuwa. Mwaka 2003 wasichana wote tulipangwa mstari, muuguzi akatuminya matumbo mmoja mmoja. Alipofika kwangu, mkono wake ukatulia. Wiki hiyohiyo babu yako akakabidhiwa barua ya kunifukuza, sababu yake "kosa dhidi ya maadili". Kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi ndivyo zilivyosema, mimba hazikuitaja. Shule ndizo zilizoamua kuwa mimba ni kosa hilo. Nilikuwa na miaka 16. Aliyenipa ujauzito alikuwa mtu mzima, akaendelea na biashara yake sokoni kama kawaida. Nataka ulisikie kutoka kwangu: kosa hukuwa wewe, wala sikuwa mimi.

Tarehe 24 Novemba 2021 nilikuwa kwenye cherehani, redioni Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wataruhusiwa kurudi shuleni. Nikaacha kukanyaga. Nilifurahi kwa ajili ya wengine, halafu nikalia kwa ajili yangu. Waraka wa wizara ulitoka, na muda aliopewa binti wa kurudi ni miaka miwili tangu aache masomo. Huyo wako umeshamhesabia? Kama aliondoka na mimba ya miezi minne au mitano, mwaka mmoja au zaidi kidogo umekwisha kupita.

Nenda kwao, mama. Usimtume kiranja, usingoje kikao cha wazazi. Nenda jioni, ukae na bibi wa mtoto, maana ndiye atakayebaki naye, mzungumze mtoto atakula nini mama yake akiwa darasani. Wakikuambia yule mwanamume ameshatoa ng'ombe na mambo yamekwisha, waambie hayajaisha: tangu 2016 Sheria ya Elimu inampa kifungo cha miaka 30 anayempa mwanafunzi mimba. Kesi hizi hufa kwa sababu ndugu hukaa pembeni wakaelewana, na shahidi haonekani mahakamani.

Akirudi, hapo ndipo kazi yako hasa ilipo. Ikifika saa nne maziwa yatajaa, blauzi italowa, wavulana wa nyuma watacheka, na kesho hutamwona. Mruhusu atoke akanyonyeshe, au ajikamue. Na asiwepo mwalimu wa kumwita "mama fulani" mbele ya darasa. Aitwe jina lake lililo kwenye daftari la mahudhurio. Mimi hilo jina nililipoteza siku moja, na hadi leo mtaani ninaitwa kwa jina lako. Ninalipenda, lakini nilikuwa na langu.

Nimemshonea blauzi mbili nyeupe zenye vifungo mbele hadi chini, kifua nimekiongeza inchi mbili. Nitazituma kwa basi la Ijumaa. Sketi bado, nitumie kipimo cha kiuno chake.

Mama yako