Athumani, hita yako na huo ubaridi

Majengo, Mombasa
Januari

Ndugu yangu Athumani,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Nilicheka kwanza kwa vile meno yanavyogongana, kisha nikakuonea imani. Huku kaskazi inavuma na wateja wananisaka kwa sababu AC zao zinapuliza joto. Wewe huko Minnesota hita inakupulizia baridi! Lakini mashine hizi ni ndugu: feni, filta, mabomba ya bati na themostati ukutani, kile kidude cha kupangia joto.

Baridi ikiwa ni ya mwanzoni tu, dakika moja hivi, hiyo si kasoro, ni hewa iliyolala ndani ya mabomba. Ikiwa haikatiki, tazama themostati. Feni ikiwekwa ON huzunguka tu hata moto ukiwa umezimika. Irudishe AUTO.

Ila wewe wasema inawaka, inapasha kidogo, halafu baridi. Hapo mimi naishuku filta. Ikijaa vumbi, hewa haipiti vizuri, kile chuma cha ndani kinachopokea joto la moto kinapata moto kupita kiasi, na swichi ya usalama inakata gesi. Moto unazimika, feni inaendelea ili kukipoza chuma, nawe ndiwe unayepulizwa. Huku filta ikiziba, AC hushika barafu ndani, nami naitwa kuja kujaza gesi ambayo haijapungua hata kidogo. Wengine hujaza na kulipisha, Mungu awasamehe. Basi ibadilishe. Zile za karatasi haziogeshwi. Nyingi ni za mwezi mmoja hadi mitatu, na kwa wale paka wenu, usingoje mitatu.

Filta ikiwa safi na shida ikabaki, kuna sensa ya moto, kijiti chembamba cha chuma kinachokaa katikati ya ndimi za moto. Kikishika utando, hakitambui kwamba moto unawaka, na gesi inafungwa baada ya sekunde chache. Fundi hukisugua kwa waya laini, basi. Asikuuzie hita mpya kwa hilo.

Halafu toka nje, najua hutaki, utazame bomba la moshi. Hita za kisasa zenye bomba jeupe la plastiki hukataa kuwaka theluji ikiziba mdomo wake. Hizo pia hutoa maji, na mpira wa kuyatoa ukiziba, hujizima vilevile.

Yakhe, hapa sitaki mchezo: mtu akitaka kuunganisha nyaya ili kuiruka ile swichi ya usalama, mtoe nyumbani. Chuma kile kikipasuka kwa joto, kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya moshi, inaweza kuingia kwenye hewa mnayovuta, nayo haina harufu. Hakikisha king'ora cha kuitambua sumu hiyo kinafanya kazi. Na ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote. Toka na watoto, simu upigie nje.

Kabla hujamwita fundi, chungulia kitundu cha kioo kwenye kifuniko cha hita. Hita nyingi zina kijitaa kinachomweka humo. Hesabu kinamweka mara ngapi kabla ya kutulia, kisha zima umeme, fungua kifuniko, unipigie picha kibandiko kilicho nyuma yake. Maana ya hesabu hiyo huandikwa hapo. Nitumie kwa WhatsApp usiku wenu, mimi nitakuwa nimetoka kuswali alfajiri.

Bi mkubwa wako hajambo, auliza kama wavaa soksi.

Wako,
Salim