Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: waliopasuliwa moyo waulizwe na kumbukumbu

Shikamoo daktari,

Naandika kutoka Moshi. Baba yangu ni fundi cherehani pale Mbuyuni, mwaka jana alifanyiwa baipasi, yaani operesheni ya kuupa moyo njia mpya ya damu pale mishipa yake ilipoziba, na kwa upande wa moyo tunashukuru sana, anapanda kile kilima cha nyumbani bila kuhema.

Shida imebaki kichwani. Usiku wa pili baada ya operesheni alianza kung'oa mipira aliyowekewa mwilini, anasema kuna mbuzi chini ya kitanda, asubuhi anaongea vizuri kabisa, usiku yaleyale. Nesi akasema atatulia, basi. Hakuna aliyetuambia hiyo ni deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakokuja na kuondoka, na inawapata wazee wengi baada ya kupasuliwa moyo, shangazi akawa ameshasema mzee kachezewa, nusura tupeleke hela kwa mganga wa kienyeji.

Na mpaka leo anasahau. Juzi baba kampima mama mmoja kiuno, 34, akaandika, akageuka kuchukua kitambaa, akarudi kupima tena, mara tatu. Yule mama alicheka mwanzoni halafu akanyamaza. Na huyu ndo alikuwa anashika vipimo vya kwaya nzima bila daftari!

Kliniki wanapima presha, wanaangalia kidonda, dawa, haya nenda. Hata siku moja baba hajaulizwa leo ni tarehe ngapi.

Kuna utafiti wa Marekani wa 2001 uliofuatilia watu wa baipasi, uwezo wa akili ulikuwa umeshuka kwa 53% yao wakati wanatoka hospitali, baada ya miezi 6 wakabaki 24%, miaka 5 ikapanda tena 42%. Vipande vidogo vya mafuta au damu iliyoganda vinaweza kutoka kwenye mshipa mkubwa vikapanda kwenye ubongo, presha nayo inaweza kushuka mtu akiwa kwenye meza ya operesheni, na wengine mishipa yao ilishachoka zamani kwahiyo siilaumu operesheni, bila hiyo leo nisingekuwa na baba.

Ninachoomba daktari, kliniki za mkoa wetu ziwaulize hawa wagonjwa tarehe, wapewe maneno matano wayakumbuke, wachore saa, ni dakika 10 tu. Na familia ziambiwe mapema, kwa Kiswahili, kwamba mgonjwa akizinduka avalishwe miwani yake, akumbushwe yuko wapi, aachwe alale usiku, ila mdomo ukienda upande au mkono ukiishiwa nguvu ghafla hicho kinaweza kuwa kiharusi, mwite daktari hapohapo.

Miwani ya baba ilikaa kwenye begi langu wiki nzima, nilidhani naitunza isivunjike.