Kabla hujanunua Landrova ya marehemu, ingia uvunguni

Mhariri salaam, na hongereni kwa kazi. Nimesoma makala yenu kuhusu vijana wanaosaka magari ya zamani, picha nzuri sana, ile Peugeot 504 inang'aa na ile Beetle ya bluu imefungwa maua ya harusi, ila mmetuacha njiani jamani. Hakuna hata mstari mmoja unaomwambia mtu aangalie nini kabla hajatoa hela. Mi nimeshaungua, naomba nafasi niseme.

Niko hapa Tanga, mwalimu mstaafu. Mwaka juzi nilinunua Landrova 109 ya mwaka 1976, ile Series III ya petroli, kutoka kwa watoto wa marehemu mmoja Muheza. Hii gari naipenda toka utotoni, ndo alikuwa anakuja nayo mkaguzi wa shule, ikisikika tu inapanda kile kilima walimu wote wanatafuta chaki. Sasa mtu ukishaipenda gari kiasi hicho macho hayaoni tena, unaona rangi tu, na rangi ilikuwa mbichi kabisa, kijani, hata harufu bado.

Nilienda na mpwa wangu ambaye alikuwa ameambiwa na wenzake abebe sumaku, maana kwenye gari ya bati sumaku ikikataa kushika basi pale chini kuna puti, ule udongo wa kuzibia mashimo kabla ya rangi. Ushauri mzuri kwa 504 au Datsun. Sa yeye akaiweka kwenye mlango wa Landrova, ikaanguka, akaiweka kwenye madigadi, ikaanguka, akapiga kelele, mjomba hii gari yote ni puti! Dalali akacheka mpaka akakaa chini. Akatuelekeza kwamba bodi ya Landrova karibu yote ni alumini, sumaku haishiki na kutu nyekundu huioni, na hapo alikuwa anasema kweli tupu. Ndo kilichotumaliza. Mtu akishakwambia ukweli mmoja mkubwa unamwamini na yale mengine.

Kwa sababu bodi ni alumini lakini chesisi ni chuma, yaani bodi inaweza kuwa inang'aa huku mifupa imeoza. Na yule marehemu alikuwa anabeba samaki kutoka Pangani, miaka na miaka yale maji ya chumvi yanachuruzika nyuma kwenye chesisi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, hii methali nimeifundisha darasani miaka thelathini, na siku hiyo nilivaa suruali nyeupe kwa sababu ilikuwa Ijumaa, sikuinama. Nikatoa milioni tisa.

Wiki ya pili fundi wangu akaingia chini na bisibisi, akaisukuma kwenye lile boriti la nyuma, ikazama mpaka kwenye mpini. Kumbe wamekata viraka vya bati, wakachomelea juu juu, alafu wakapaka lami nyeusi ya kuficha. Akagonga na nyundo ndogo kuja mbele, chuma kizima kinalia ngii, kilichooza kinatoa sauti ya debe lenye mchanga. Kwa hiyo ukienda kununua hizi gari beba bisibisi na nyundo, na gari ikiwa imepakwa lami mpya chini jiulize imepakwa ya nini wakati inauzwa.

Mtu atasema si ubadilishe chesisi, zipo Arusha huko. Hapo ndo penye mtego wenyewe. Namba ya chesisi kwenye hizi Series III imegongwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa, na hiyo ndo iko kwenye kadi ya gari. Ukiweka chesisi nyingine na namba imekuwa nyingine, siku trafiki akikukagua unaonekana umeiba gari uliyoilipia. Mi nilibakiza kipande cha mbele chenye namba, huku nyuma kote kikajengwa upya, milioni nne na nusu na miezi mitano gereji. Piga brashi ya waya hapo kwenye namba kabla hujalipa, kibao kilichobandikwa ndani kisikutoshe, kibao kinafunguliwa na bisibisi.

Na injini hivyo hivyo. Landrova nyingi hapa nchini zishawekewa injini za Isuzu au Toyota, si jambo baya, dizeli inakula kidogo kuliko ile petroli ya cc 2286 inayokunywa kama harusi, ila kama mabadiliko hayajaingizwa kwenye kadi TRA unanunua kesi. Alafu hizi gari mara nyingi ni za marehemu, kadi ina jina la mtu aliye kaburini na watoto wako saba. Usimlipe mtoto aliyeshika ufunguo. Dai barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, huyo ndo anasaini. Mi bahati nzuri hili nililifanya, mke wangu alinilazimisha, na kweli mwezi wa tatu akatokea kaka mtu kutoka Mombasa anauliza gari ya baba iko wapi.

Spea sio tatizo kama watu wanavyotisha, mtaa wa Gerezani pale Dar unapata vingi na vingine bado vinatengenezwa Uingereza. Tatizo ni fundi. Vijana wengi wamezoea kuchomeka kompyuta, ukimwonyesha kabureta anaiangalia kama redio ya babu. Tafuta fundi mzee kwanza, umlipe nauli mwende naye, laki moja yake ingeniokolea milioni nne. Na bima kubwa msihesabu, mi kampuni mbili zilinikatalia kwa umri wa gari, nimebaki na ile ndogo.

Siku nyingine mkiandika habari hizi, mhariri, mpiga picha wenu naye alale chini apige na huko uvunguni tuone.

Msomaji wenu, Tanga.