Vijana hatujaususia uchaguzi, kadi zetu ziko mbali

Mhariri,

Ni miaka nasoma gazeti lenu bila kuandika, ila ile ripoti ya wiki iliyopita, kwamba vijana wa Mbeya na Iringa hawajali uchaguzi wa Rais, siwezi kuinyamazia. Mwandishi wenu alisimama stendi ya Kabwe, akauliza vijana wanne kama wangepiga kura Oktoba 29, 2025, wote wakasema hapana, akaondoka. Hakuwauliza wamejiandikisha wapi.

Mtu anapiga kura kwenye kituo ambako jina lake lipo. Kwetu Mbeya na Iringa daftari la wapiga kura liliboreshwa siku saba tu, Desemba 27, 2024 hadi Januari 2, 2025, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Wiki ya sikukuu! Kijana wa Kilolo amerudi kula Krismasi na wazazi, anajiandikisha hapohapo kijijini, na Januari yuko Mafinga anapasua mbao. Wa Rungwe amerudi machimboni Makongolosi, mwingine yuko Usangu kwenye mpunga. Sasa Oktoba 29 ilikuwa Jumatano, vituo vilipangwa kufungwa saa 10 jioni. Kutoka Makongolosi mpaka Tukuyu, huko Rungwe, unapanda gari mpaka Mbeya mjini, unapanda jingine, unalala, unarudi. Kibarua wa kulipwa kwa siku amepoteza siku mbili na nauli zote. Wakubwa zetu waliyaonja haya 2010, walipojiandikisha vyuoni na vyuo vikafunguliwa baada ya kura.

Utaratibu wa kuhama upo, tena si mgumu. Unakwenda na kadi yako kituo cha huko ulikohamia, wanabadilisha taarifa, unapewa kadi mpya. Ungeweza hata kuanzia kwenye simu ukamalizia kituoni. Lakini awamu ya pili ya kuboresha daftari, mwezi Mei 2025, vituo vilikuwa vichache kuliko vya Desemba, na gari la matangazo lilipita mchana, mpasua mbao akiwa msituni tangu alfajiri. Wengine walisikia wakaogopa, wakidhani kuhamisha taarifa ndiko kujiandikisha mara mbili, ambako ni kosa la kufungwa. Hakuna aliyewaeleza tofauti.

Na hata aliyefika alikutana na mengine. Mashine ya BVR, ile ya kuandikisha wapiga kura, inataka picha, saini na alama za vidole. Kidole cha fundi ujenzi kimeliwa na saruji, cha mchuma chai kimejaa utomvu mweusi na nyufa. Mashine inakataa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na foleni nyuma inaguna. Kinachotakiwa ni kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, kufuta, kukausha, kubonyeza taratibu, au kujaribu kidole kingine. Karani mwenye haraka anamwambia kijana arudi kesho, na kesho yake ana tenda ya zege. Kisha jina: Atupelye anaandikwa Atupele, hakuna anayemsomea kabla kadi haijachapwa. Siku akipoteza kadi ndipo ataumia, kwa sababu 2020 Tume ya Uchaguzi iliruhusu kitambulisho cha NIDA, leseni au pasipoti, ila majina yafanane na ya daftari. Herufi moja hiyo! Huyu naye mtamwandika kwamba hajali?

Wanaotukumbuka ni wa kampeni. Mgombea urais anahitaji wadhamini 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, nao lazima wawe wapiga kura walioandikishwa. Hapo namba za kadi zetu zinatafutwa nyumba kwa nyumba. Bodaboda wanajaziwa mafuta ya kusindikiza msafara. Lakini Katiba inamtaka mgombea urais awe na miaka 40, wakati kura tunapiga tukiwa na 18. Miaka 22 yote hiyo kazi yetu ni kudhamini na kupiga honi.

Ninachoomba kwa uchaguzi ujao: mashine moja ikae ofisi ya kata kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mwaka mzima, pamoja na beseni la maji na taulo. Mafinga ikae karibu na viwanda vya mbao, Makongolosi ikae sokoni. Kidato cha sita waandikishwe shuleni na waelezwe siku hiyohiyo namna ya kuhamisha taarifa wakienda chuo. Na mwandishi wenu arudi Kabwe, awaulize wale vijana wanne kadi zao ni za kituo gani.

Kijana mpiga kura,
Uyole, Mbeya