Jengo Lilikuja Mwisho

Kisumu

Mwanangu mpenzi,

Hatujambo huku, ila joto unalijua. Ramani ya jumba la wachongaji mnalotaka kujenga wewe na wenzako wa benki nimeiona, na ni nzuri. Lakini kabla hamjanunua simiti, nisikilize kidogo kuhusu Gertrude Vanderbilt Whitney.

Alizaliwa New York mwaka 1875, katika ukoo uliotajirikia meli na reli. (Mali ya reli ina maswali yake, na sisi wa Kisumu, mji uliozaliwa na reli, tunayajua.) Angeweza kula tu urithi. Yeye akajifunza uchongaji; mnara wa kuwakumbuka waliokufa na meli ya Titanic, ule wa Washington, ni kazi yake. Nadhani ndiyo maana aliwaelewa wasanii. Vumbi la jiwe alilijua.

Mwaka 1908 wachoraji wanane waliochoshwa na wakubwa wa sanaa walifanya maonyesho yao wenyewe mjini New York. Ziliuzwa picha saba, na nne alizinunua yeye. Hakuhutubia mtu, alilipa. Mwaka 1914 akafungua ukumbi wa maonyesho jirani na karakana yake, na 1918 klabu ya wasanii. Humo mchoraji Edward Hopper alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, mwaka 1920, asiuze hata picha moja. Wala hakufungiwa mlango. Mwaka 1929 Gertrude alitaka kuyapa makumbusho makubwa ya New York, Metropolitan Museum, kazi zaidi ya 500, bure kabisa. Wakakataa! Ndipo akaanzisha makumbusho yake, yaliyofunguliwa 1931, miaka 23 baada ya zile picha nne. Na mjane wa Hopper alipofariki mwaka 1968, aliyaachia makumbusho hayohayo kazi zaidi ya 3,000.

Nyinyi mnaanzia kwenye jengo. Wachongaji wa Tabaka, kule Kisii, wanaoniletea kazi zao za mawe hapa dukani hawajawahi kuniuliza habari za jengo. Huuliza kama leo kuna hela. Kwingine huambiwa, "Acha hapa, zikiuzwa nitakupigia," na simu haiji. Mtu amechonga, amepiga msasa ndani ya maji, amepaka nta, amepanda matatu na mzigo wa kuvunja mgongo, halafu arudi kwao kwa nauli ya kukopa.

Kwa hivyo ukija Desemba, njoo na pesa mkononi, na usiwaombe wapunguze. Kubishana bei niachie mimi mwenye duka. Wewe una mshahara. Kuna kijana mmoja hachongi twiga wala kiboko. Anachonga watu waliochoka, na watalii humpita tu. Anza na huyo. Chumba cha nyuma kinatosha kwa sasa, mamako ameshakubali kuhamisha magunia yake, japo kwa kunung'unika.

Nijulishe tarehe mapema, nimwambie asilitoe lile jiwe kubwa kwa bei ya kutupa.

Ni mimi,
Babako