Kufunga dirisha si kutoka: nywila zinazobaki kwenye kompyuta za steshenari

Mhariri,

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, maduka ya steshenari hujaa vijana tangu asubuhi. Kijana hukaa mbele ya kompyuta isiyo yake, hufungua barua pepe, huingia kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo au Ajira Portal ya maombi ya kazi serikalini, hupakia vyeti, hulipia uchapaji, huyo anaondoka. Akishafunga dirisha anaamini kazi imekwisha. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kinachobaki kwenye kompyuta ile na namna ya kukiondoa, maana ushauri unaozunguka mitaani wa "futa historia tu" huacha mzigo mkubwa palepale, na wakati mwingine hufuta kisichotakiwa kufutwa.

Kwanza tuelewane kuhusu nywila yenyewe. Ukiingia kwenye tovuti, kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, Firefox au Edge, huleta kidirisha kidogo juu kulia kuuliza kama kihifadhi nywila. Mhudumu mwenye haraka hubonyeza kitufe cha buluu bila kusoma. Kuanzia hapo nywila inaandikwa kwenye faili ndani ya kompyuta. Ni kweli kwamba Chrome huificha kwa ufunguo, lakini ufunguo huo umefungamanishwa na akaunti ya Windows iliyofunguliwa. Maana yake, aliyeiba diski na kuipeleka kwenye kompyuta nyingine atapata shida kuisoma, ila aliyekaa kwenye kiti kilekile hana shida yoyote. Kompyuta nyingi za dukani zinatumia akaunti moja ya Windows kutwa nzima, tena isiyo na nywila. Hapo mtu akifungua orodha ya nywila na kubofya alama ya jicho, maandishi yanatokea bila kuulizwa chochote.

Nywila iliyohifadhiwa ni kitu kimoja, na kuwa ndani ya akaunti ni kitu kingine. Ukishaingia, tovuti hukipa kivinjari kuki, yaani kipande cha data kinachosema "huyu tumeshamkagua". Kuki hiyo inaweza kuishi siku au wiki kadhaa, hata kama kompyuta itazimwa na kuwashwa. Kwa hiyo ukifuta nywila peke yake hujatoka, na anayefungua tovuti ileile kesho anaweza kukuta akaunti yako wazi. Na ukifuta kuki peke yake umetoka, lakini nywila ipo inasubiri kujazwa tena. Watu wengi hufanya moja wakadhani wamefanya yote.

Sasa niseme jambo ambalo huleta hasara kubwa kuliko yote. Tangu Chrome toleo la 69, Septemba 2018, ukiingia Gmail kwenye kompyuta, kivinjari chenyewe nacho huweza kuingia kwa akaunti yako. Tazama duara dogo juu kulia: ukiona picha yako au herufi ya jina lako, kivinjari kimeshakuvaa. Na ukikubali kusawazisha, yaani data za akaunti yako zilingane kwenye kila kifaa, nywila zote ulizohifadhi kwenye akaunti hiyo kupitia simu yako hushuka kwenye kompyuta ya duka, hata za tovuti ambazo siku hiyo hukuzigusa. Kijana akizigundua hushtuka na kuanza kuzifuta moja moja palepale. Kumbe usawazishaji unakwenda pande zote mbili. Kinachofutwa dukani kinafutwa pia kwenye akaunti, na jioni akishika simu yake anakuta hana nywila hata moja.

Kwa hiyo utaratibu una mpangilio wake, na usiugeuze. Anza kwa kutoka ndani ya tovuti yenyewe kwa kitufe chake cha kutoka. Kisha angalia lile duara. Kama ni lako, usiguse orodha ya nywila. Bofya duara, nenda kwenye usimamizi wa wasifu (sehemu ya kila mtumiaji ndani ya kivinjari), tafuta kadi yenye jina lako, bofya nukta tatu zilizo kwenye kadi hiyo, kisha futa. Kufuta wasifu huondoa nywila, kuki na historia kwenye kompyuta ile tu, na vilivyomo kwenye akaunti yako vinabaki salama.

Kama ulitumia wasifu wa duka, hapo ndipo unafuta kwa mkono. Napendekeza anwani za ndani za kivinjari badala ya menyu, kwa kuwa menyu hubadilika kila toleo na anwani haijali kompyuta imewekwa lugha gani. Kwenye Chrome andika chrome://password-manager/passwords katika sehemu ya anwani, bofya jina la tovuti uliyoingia, hakikisha jina la mtumiaji ni lako, kisha futa. Kwenye Firefox andika about:logins, chagua tovuti upande wa kushoto, bofya kitufe cha kuondoa. Kwenye Edge pita menyu ya nukta tatu, mipangilio, kisha sehemu ya nywila. Usifute za watu wengine bila idhini ya mwenye duka. Mwambie, lakini usijichukulie madaraka.

Baada ya nywila, ondoa kuki. Bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, kidirisha cha kufuta data kitafunguka katika vivinjari vyote vitatu. Kosa la kawaida lipo kwenye muda. Mara nyingi kidirisha huja kikiwa kimechagua saa moja iliyopita au chini ya hapo. Aliyekaa dukani kwa muda wa saa tatu akijaza fomu anafuta kipande cha mwisho tu. Chagua muda wote. Kosa la pili ni kuamini kwamba kisanduku cha nywila nacho kimetiwa tiki. Kwa kawaida hakijatiwa, na katika matoleo kadhaa ya Chrome kimefichwa kwenye kichupo cha chaguo za kina. Kwenye Firefox kuna mtego wa lugha: historia ina kisanduku kinachotaja kuingia kwenye tovuti, na wengi hudhani kinafuta nywila zilizohifadhiwa. Hakifuti. Nywila za Firefox hufutwa kwenye about:logins.

Kufuta muda wote kutawatoa na wateja wengine waliobaki ndani ya akaunti zao, na hilo ni jema kwao pia.

Kuna masalia mengine ambayo sijasikia yakitajwa. Bofya mara moja ndani ya kisanduku kitupu cha namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) au ya simu kwenye fomu yoyote ya mtandaoni. Mara nyingi orodha inashuka: namba ya aliyetangulia, ya aliyemtangulia huyo, barua pepe tano, majina kamili matatu. Ni kumbukumbu ya kujaza fomu, na haihusiani na nywila wala kuki. Yako ikiwemo, ishukie kwa mshale wa kibodi mpaka iwe na kivuli, kisha bonyeza Shift na Delete. Inatoweka hiyo moja tu. Na kwenye folda ya vipakuliwa, pamoja na kwenye eneokazi, angalia cheti chako cha kuzaliwa na vya kidato cha nne ulivyoskani. Kufuta historia ya vipakuliwa hufuta orodha tu, faili lenyewe linabaki. Lifute kwa mkono, kisha umwage na pipa la taka.

Mwisho jaribu. Fungua tena tovuti uliyotumia. Ikikuomba jina na nywila, na ukibofya kisanduku cha jina hakishuki kitu chako, umemaliza.

Wapo watakaosoma barua hii wakiwa wameshaondoka dukani tangu wiki iliyopita. Hao wasirudi kupigania kiti. Dawa yao ni kubadilisha nywila, kwa sababu nywila iliyobadilishwa huigeuza ile iliyohifadhiwa dukani kuwa maandishi yasiyofungua kitu. Waanze na barua pepe kabla ya kitu kingine chochote, kwani mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya ya kila mfumo uliojisajili nayo. Fungua myaccount.google.com kwenye simu, ingia sehemu ya usalama, tazama orodha ya vifaa, kiondoe kisicho chako, kisha badilisha nywila. Hapohapo kagua namba ya simu ya kurejesha akaunti. Barua pepe nyingi hufunguliwa dukani, na kama mhudumu aliweka namba yake ili kuharakisha kazi, akaunti hiyo bado inaweza kurejeshwa kwenye simu yake. Kwa WhatsApp iliyounganishwa na kompyuta, fungua vifaa vilivyounganishwa kwenye simu na ukiondoe. Facebook nayo ina orodha ya mahali ulipoingia, ndani ya kituo cha akaunti, kwenye nywila na usalama. Kwa mfumo usio na orodha ya vifaa, njia iliyobaki ni kubadilisha nywila.

Hatari hii haimhusu mhudumu mwenye udadisi tu. Ziko programu haribifu zilizotengenezwa mahsusi kukomba nywila na kuki kwenye vivinjari na kuzituma kwa wauzaji wa taarifa za wizi ndani ya dakika chache. Mojawapo, RedLine, mitambo yake ilikamatwa Oktoba 2024 na polisi wa Uholanzi wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine, lakini nyingine za aina yake zingalipo. Mojawapo ya njia zao za kuingia ni zile programu za kuvunja leseni za programu za kuhariri picha na za ofisi, ambazo tunajua zimejaa kwenye kompyuta za dukani. Kompyuta isiyohifadhi nywila haina akiba kubwa ya kukombwa.

Ndiyo maana mzigo huu si haki kuuacha kwa mteja peke yake. Mwenye duka anaweza kuumaliza kwa robo saa. Njia nyepesi: bofya kulia ikoni ya Chrome kwenye eneokazi, fungua sifa zake, na kwenye mstari wa njia ya programu (Target), mwishoni kabisa baada ya alama za kunukuu, weka nafasi moja kisha andika --guest. Kuanzia hapo Chrome itafunguka kama mgeni, haitahifadhi nywila, na madirisha yote yakifungwa kuki na historia vinaondoka. Hali Fiche (Incognito) haitoshi, kwani nywila zilizokwisha kuhifadhiwa kwenye wasifu wa duka bado hujazwa ndani yake.

Njia imara zaidi ni sera, yaani kanuni ambazo kivinjari hulazimika kuzifuata. Fungua kihariri cha rejista kwa kuandika regedit, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, uunde folda ambazo hazipo, kisha ongeza thamani mbili za aina ya DWORD: PasswordManagerEnabled na BrowserSignin, zote ziwe 0. Ya kwanza huzuia kuhifadhi nywila mpya, ya pili huzuia kivinjari kuvaa akaunti ya mteja. Funga Chrome, fungua tena, andika chrome://policy uone kama zimesomwa. Angalizo moja: sera ya kwanza haifuti nywila za zamani, na zitaendelea kujazwa kama kawaida. Zifute kwanza, ndipo uweke sera.

Wenye maduka husema wanahifadhi ili kuwasaidia wateja wanaosahau. Nia ni njema, lakini nywila ya mteja ikae kwa mteja. Mwandikieni kwenye nakala yake ya fomu, upande wa nyuma, aondoke nayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na namba ya NIDA ya mteja pamoja na vyeti vyake ni taarifa binafsi hata vikiwa kwenye kompyuta ya chumba kimoja sokoni.

Na kwa taasisi zinazopokea maombi mtandaoni ombi langu ni dogo. Baada ya mwombaji kuwasilisha fomu, ukurasa wa mwisho uwe na kitufe kikubwa cha kutoka, kiandikwe kwa Kiswahili, na mfumo umtoe wenyewe akikaa dakika kumi bila kugusa kitu. Kila anapoingia tena aoneshwe tarehe na saa ya mara ya mwisho akaunti yake ilipofunguliwa. Akiona ni usiku ambao yeye alikuwa amelala, atajua la kufanya asubuhi ileile.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro